Nyumba Tisa za Bi Dodoso

Kila mtaa una mtu ambaye akionekana kwa mbali, watu wanafunga milango. Kwingine anakimbiwa mwenye nyumba, kwingine mkopeshaji. Kwao alikimbiwa Bi Dodoso, na wala hakuwa na ubaya wowote. Miaka kumi na minne alikuwa akibisha milango ya watu na ubao wake wa kuandikia kifuani na kalamu mbili, moja ya akiba, akiuliza mnafulia sabuni gani, watoto wanalala kwenye chandarua au hivi hivi, na kama uchaguzi ungefanyika leo, ungempa nani kura yako. "Fungeni, anakuja na maswali yake arobaini!" watoto walipiga kelele, naye akacheka na kubisha vile vile. Hakuwa na kazi nyingine na wala hakuitaka.

Kazi ile ina kanuni zake. Unaanzia pale ulipopangiwa na ofisi, unashika mkono wa kushoto, unahesabu nyumba, ya tano unabisha. Ukifunguliwa humhoji yeyote tu uliyemkuta. Unauliza: kati ya watu wazima wa nyumba hii, nani siku yake ya kuzaliwa iko karibu kuliko wote? Huyo ndiye wako, awe kiziwi, awe mlevi, awe anakutukana. Kama hayupo, unarudi kesho, na kesho kutwa. Ukimkosa mara ya tatu unaandika "hakupatikana" na kufunga ukurasa. Lisilofanyika kamwe ni kumjibia mtu. Bi Dodoso aliwafundisha hivyo wadodosaji wapya kwa kuwagonga vidole na kalamu yake ya akiba: mtu hajibiwi.

Madodoso yakifika arobaini aliyafunga bunda moja kwa chane ya kitambaa kutoka kwenye mabaki ya vitambaa vya mama yake, fundi cherehani. Wenzake walitumia raba, yeye raba hakuiamini. Alipiga fundo lake mara mbili, akalipeleka bunda ofisini, na karani wa mapokezi akabandika kipande cha karatasi juu ya fundo na kukigonga muhuri wa tarehe. Bunda lililofungwa namna hiyo halifunguki bila karatasi kuchanika. Kumbuka hilo, maana ndilo lililomponza.

Alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake wa kiume, kinyozi, aliyekuwa bado anakaa nao nyumbani kwa mama. Mdomo wake ulikuwa na makali kuliko wembe wake. Siku ya uchaguzi aliwekwa kuwa wakala wa chama cha upinzani katika kituo cha shule ya msingi. Kura zikahesabiwa mbele ya macho yake, moja moja, kila karatasi ikiinuliwa juu kila mtu aione. Rais aliyekuwa madarakani alipata mia moja na sabini, mpinzani wake mia mbili na tisini. Wote wakasaini, Kinyozi akapewa nakala yake. Siku mbili baadaye matokeo yakatangazwa, na namba za kituo kile zilikuwa zile zile, ila zimebadilishana viti. Mia mbili na tisini zilikuwa za rais.

Mwingine angekunja karatasi yake akaenda kulala. Kinyozi aliibandika kwenye kioo cha saluni, mahali ambapo mteja asingeweza kukwepa kuiona labda akubali kunyolewa amefumba macho, na chini yake akaandika kwa kalamu nene: Hizi ndizo tulizohesabu. Watu walianza kuja kunyoa hata wenye vipara. Siku ya nne wakaja wengine, wanne, ambao hawakutaka kunyolewa. Mteja aliyekuwa kitini alikwenda nyumbani na nusu ya nywele zake.

Alishtakiwa kwa kusambaza matokeo ya uongo. Msimamizi wa kituo akaikana saini yake mwenyewe. Mawakala wengine waliosaini walikuwa wamesafiri wote, kwa pamoja, kila mmoja kwa msiba wake. Na wakili wa serikali, kijana nadhifu asiyepandisha sauti, alikuwa na karatasi nyingine mkononi. Ilikuwa kura ya maoni iliyotangazwa na kampuni ya utafiti wiki tatu kabla ya uchaguzi, kata kwa kata.

"Mheshimiwa hakimu," alisema, "wananchi wa kata hii waliulizwa mapema. Wakasema watampa rais, sitini na tatu kwa mia. Siku ilipofika wakapiga kura, ikatoka sitini na tatu kwa mia. Nchi nzima inajua kuhesabu isipokuwa mshtakiwa."

Watu wakaguna. Bi Dodoso, aliyekuwa amekaa benchi la nyuma na mama yake, alianza kuhesabu kwa vidole. Kampuni ile ilikuwa yake. Kata ile ilikuwa yake. Ni yeye aliyeipita kwa miguu, na mtu anayefuata jibu kwa miguu halisahau. Kati ya watu arobaini, waliosema watampa rais walikuwa kumi na mmoja.

Walipotoka nje alimshika mkono wakili wa mdogo wake, mama mmoja mnene mwenye sauti ndogo, akamweleza. Wakili alimsikiliza huku akila karanga. Alipomaliza, alikunja kile kijikaratasi cha karanga polepole.

"Una ushahidi? Maneno tu wataniambia ni dada mtu anamtetea mdogo wake."

"Madodoso yapo stoo."

"Basi nenda kayalete kabla hawajakumbuka kuwa yapo."

Stoo ya kampuni ilikuwa chumba kirefu nyuma ya jengo, na mtunza stoo alikuwa mzee wa makamo aliyefahamiana na Bi Dodoso tangu alipoanza kazi. Alimfungulia bila kuuliza. Ndani, mabunda yalikuwa yamepangwa hadi karibu na dari, ya wadodosaji wote, ya kata zote. Bi Dodoso aliona chane ya kitambaa cha maua ya zambarau, akajua lake. Akalivuta. Fundo lilikuwa pale pale na karatasi yake ya muhuri juu, nzima, na tarehe ya mwezi wa sita. Akatazama la jirani. Zima. Akatazama la chini yake, na la chini ya hilo.

"Haya hayajafunguliwa," alisema.

"Yafunguliwe na nani?" mtunza stoo akauliza. "Zile namba za uchaguzi zilikuja kwenye bahasha. Zikachapwa."

"Na miaka yote ile?"

Mzee hakutaka kumuumiza. "Ya sabuni huwa wanafungua," alisema. "Ya sabuni kuna watu wanataka kujua ukweli."

Bi Dodoso alikaa chini pale pale kwenye sakafu ya saruji, bunda mapajani. Alilia kwa ajili ya miguu yake. Alikumbuka mbwa waliomuuma, mvua, wanaume waliomfungulia na taulo kiunoni, bibi mmoja aliyemshika mkono akamwambia, mwanangu, waambie huko juu tunashindwa. Alikuwa ameyaandika yote kwa mwandiko safi ili yasomeke. Halafu akainuka, akalitia bunda kwenye mfuko wa sokoni na kuondoka nalo, kwa sababu ingawa ilikuwa aibu, ilikuwa pia wokovu. Bunda lisilofunguliwa lilithibitisha kwamba sitini na tatu ile ilitungwa. Nguzo ya wakili wa serikali ilikuwa imeoza.

Nyumbani alimwonyesha mama yake. Mama alipapasa chane, akasema, "Hiki ni kile kitambaa cha sare za kwaya," na kwa mara ya kwanza tangu Kinyozi achukuliwe akapika akaimba. Walikula. Bi Dodoso alikuwa anaosha sahani alipozikumbuka nyumba tisa.

Akaacha sahani majini, akarudi mezani kwenye bunda.

Ilikuwa hivi. Mwezi ule wa sita, siku ya mwisho ya kazi, alikuwa bado na mtaa mmoja, wa bondeni. Alipofika hakuukuta. Tingatinga zilikuwa zimepita tangu mwezi wa tatu kupanua barabara, na mahali pa nyumba palikuwa na vifusi, mabati yaliyopinda na ngazi mbili tatu zinazopanda kwenda hewani. Kanuni ilisema arudi ofisini apangiwe mtaa mwingine. Huko ni siku mbili nyingine. Mvua ilikuwa inanyesha, miguu imevimba hadi viatu havivuki, na bosi wake, ambaye wote walimwita Bwana Asilimia, alikuwa amempigia simu mara tatu: "Leo saa kumi, Bi Dodoso, au nisikuone tena."

Akakaa kwenye ngazi ya nyumba isiyokuwepo, akajifunika nailoni, akatoa madodoso tisa. Aliwajua watu wale. Miaka kumi na minne alikuwa amewauliza kila kitu. Alimjua mama wa nyumba ya tano, anayeanza kila jibu kwa "mimi sijasoma lakini," na mzee wa magongo ambaye kila uchaguzi hujibu kwamba kura ni ya moyoni, haisemwi. Akawajibia. Hakuwapendelea wala kuwaonea, aliwajibia kama yeye alivyoamini wangejibu. Mzee wa magongo alimwandikia "hakutaka kusema". Wanane waliobaki aliwaandikia mpinzani, maana mtu aliyevunjiwa nyumba na serikali humuulizi mara mbili atampa nani. Ilimchukua chini ya saa moja, na alipomaliza aliona amewatendea haki. Kuna uongo ambao mtu anausema kwa upendo kabisa, na huo ndio usioogopwa, na ndio unaoua.

Sasa zile tisa zilikuwa mle ndani. Kuzitoa ilimaanisha kufungua fundo, na kufungua fundo ilimaanisha kuchana muhuri, na bunda lenye muhuri uliochanika lilikuwa karatasi za kufungia vitumbua tu. Alilizungusha bunda mezani kama mtu anayetafuta mlango. Halikuwa na mlango.

Asubuhi wakili alilipokea kwa mikono miwili. Alikagua muhuri, akakagua tarehe, akacheka kimya kimya hadi mabega yakatikisika. Halafu akaacha kucheka.

"Dada yangu, nakuuliza mara moja. Humu ndani kuna kitu chochote ambacho mimi sikijui?"

Mama alikuwa amekaa pembeni na kifurushi cha chakula cha kumpelekea mwanawe mahabusu, kimefungwa kwa kitambaa kile kile cha kwaya. Alimtazama binti yake kwa macho yaliyojaa matumaini. Bi Dodoso alifikiria miaka kumi na minne ya jina zuri.

"Hakuna," alisema.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wazee walisema, tukaitikia, na tunaendelea kuficha.

Siku ya ushahidi mahakama ilijaa. Wakili mnene alimwongoza vizuri, swali kwa swali: kazi yako, kanuni zako, fundo lako, muhuri. Bunda likapelekwa kwa hakimu, naye akalichunguza kwa miwani na bila miwani. Minong'ono ikapita kwenye mabenchi. Kizimbani, Kinyozi, ambaye nywele zake sasa zilikuwa zimenyolewa vibaya na mtu asiyeijua kazi, alimtazama dada yake na kutabasamu. Bi Dodoso alilibeba tabasamu lile siku nyingi baadaye, na lilimuuma kuliko lolote.

Wakili wa serikali alisimama. Nyuma yake alikuwa amekaa Bwana Asilimia, tai imekazwa. "Mheshimiwa, sina pingamizi kwamba halijafunguliwa. Naomba basi tulifungue."

Karani akaleta mkasi. Chane ya zambarau ikakatika. Wakili akaanza kupekua, ukurasa baada ya ukurasa, bila haraka, na Bi Dodoso akamtazama akisoma. Ndiye mtu wa kwanza aliyemwona akiyasoma maandishi yake ya uchaguzi.

Bwana Asilimia, ambaye ndiye aliyewapangia wadodosaji mitaa, akainama mbele, akanong'ona. Wakili akatoa karatasi tisa.

"Mtaa wa bondeni, nyumba ya tano. Huyu mama ulimhoji wewe?"

"Ndiyo."

"Ulibisha mlango?"

Bi Dodoso akamtazama Bwana Asilimia.

"Shahidi, ni swali jepesi. Ulibisha mlango upi?" Akainua barua. "Hii ni barua ya manispaa, mheshimiwa. Nyumba zote za mtaa huo zilibomolewa mwezi wa tatu. Shahidi amewahoji wenye nyumba mwezi wa sita. Mlikaa wapi, mama? Mliwekeana viti juu ya kifusi?"

"Nilikaa kwenye ngazi," alisema Bi Dodoso. Mahakama ikacheka.

"Tisa. Na kati ya hao tisa wasiokuwepo, wanane wanampenda mgombea wa mdogo wako." Akaziweka mezani taratibu. "Mheshimiwa, nchi nzima tunamtafuta mtu anayetunga kura hewa. Kumbe amekuja mwenyewe, kwa miguu yake."

"Zitoe!" Bi Dodoso alipaza sauti. "Zitoe hizo tisa, ni kosa langu, nifungeni mimi! Hesabu zilizobaki! Thelathini na moja, wote nimewaona kwa macho, na rais ana kumi na mmoja! Hesabu tu, baba, hesabu!"

"Shahidi, jibu unachoulizwa," hakimu alisema.

"Lakini hakuna anayeniuliza!"

"Keti."

Hakuna aliyezihesabu. Wakili mnene alikuwa ameshika kichwa. Alipoinuka kusema kwamba uongo wa karatasi tisa haufuti muhuri uliokuwa mzima, sauti yake ndogo ilipotea kwenye vicheko. Hakimu aliandika kwamba ushahidi wa bunda umeghushiwa na haufai kupokelewa. Nakala ya Kinyozi ikabaki peke yake, saini imekanwa, dhidi ya kura ya maoni iliyokubaliana na matokeo hadi mwisho. Miezi kumi na minane.

Walipompitisha kumpeleka garini, alisimama mbele ya dada yake. Askari, ambaye aliwahi kunyolewa naye, akamwacha asimame.

"Dada. Yule mzee wa magongo, ulimjazia nini?"

"Hakutaka kusema."

"Ndivyo alivyo," Kinyozi akasema, na kidogo acheke. Halafu uso ukamshuka. "Ungewaacha tu, dada. Kama hawapo, hawapo."

Hakuwa amemtukana. Angemtukana ingekuwa nafuu.

Kampuni haikumfukuza kwa barua wala kwa simu. Ilikaa kimya tu, kama vile hajawahi kuwepo. Bwana Asilimia alipandishwa cheo. Bi Dodoso akawa anashinda nyumbani akimshonea mama vifungo, ubao wake wa kuandikia ukiwa umewekewa sufuria. Mtaani hakukuwa tena na mtoto wa kupiga kelele akipita. Walimpisha njia kimya kimya, na kwenye kilabu cha kahawa wazee walisema kwamba ndiyo maana hata upinzani hauaminiki, wote baba mmoja mama mmoja.

Miezi miwili ikapita. Alasiri moja mlango ukabishwa mara tatu, kwa kiungo cha kidole, namna wabishavyo watu waliofundishwa. Akafungua. Alikuwa mwanamke wa makamo hivi, mgeni mtaani, ubao kifuani na kalamu mbili, viatu vimekanyagwa kisigino kwa sababu ya uvimbe. Bi Dodoso alitazama nyuma yake, akahesabu milango kutoka kona, mkono wa kushoto. Yao ilikuwa ya tano.

"Samahani kuwasumbua. Tunakusanya maoni. Ni swali moja tu kubwa na madogo kidogo: kwa maoni yako, uchaguzi uliopita ulikuwa wa haki au haukuwa wa haki?"

Cherehani ya mama ikanyamaza ndani.

"Umesahau kuuliza nani ahojiwe," Bi Dodoso alisema.

Mgeni akashtuka, akafunua ukurasa. "Kweli. Kati ya watu wazima wa nyumba hii, nani siku yake ya kuzaliwa iko karibu?"

"Mwanangu wa kiume," mama akajibu kutoka ndani. "Jumanne ijayo."

"Yupo?"

"Hayupo," Bi Dodoso alisema.

"Anarudi lini?"

"Mwaka kesho mwishoni."

Mgeni akaelewa. Alitazama jua, akatazama miguu yake, akatazama orodha ndefu ya nyumba zilizobaki. Alishusha sauti, kwa wema kabisa. "Wewe ni dada yake, bila shaka unamjua. Niambie tu angesema nini, nimwandikie. Vinginevyo ni lazima nirudi hapa mara tatu."

Bi Dodoso alijua angesema nini. Alilijua neno kwa neno, na sauti yake, na mkono wenye kitana ukielekezwa kwenye kioo. Lilimjaa mdomoni. Akashika ukingo wa mlango.

"Mtu hajibiwi," alisema. "Rudi mara tatu. Ukimkosa, andika hakupatikana."

Mgeni akaguna, akaandika alama yake, akaenda. Kesho yake saa tisa alirudi, akachungulia, akaambiwa hayupo, akaondoka akichechemea. Siku ya tatu mvua ilinyesha tangu asubuhi. Bi Dodoso aliweka kiti karibu na mlango akamngoja. Saa tisa ikapita, saa kumi ikapita, hakuna aliyebisha.

"Labda kesho," mama alisema.

Lakini Bi Dodoso aliijua kazi ile. Alijua kwamba wakati huo mwanamke yule alikuwa amekaa kwenye ngazi fulani, kajifunika nailoni, simu inamlilia, anamjazia mdogo wake jibu. Naye hakuwa amemwona Kinyozi hata siku moja. Angemwandikia kama walivyomjibu watu wa mtaa mzima, mlango baada ya mlango, huku wakitazama nyuma yake kama kuna gari la askari: ulikuwa wa haki.